Msimu wa Pamba na Koo Langu

Wakulima ndio walioona kwanza. Nilikuwa mpima pamba kwenye ghala la ushirika, nje kidogo ya mji wa Bariadi, kazi niliyoifanya misimu mingi bila shida. Mwaka ule mikono yangu ilianza kutetemeka. Kila nikisogeza jiwe la mzani liligongagonga chuma, na watu waliosimama foleni na marobota yao walikuwa wakisikia. Mzee mmoja aliacha kuutazama mzani akautazama mkono wangu. "Mayu," aliniita, kama tunavyomwita mama, "kapumzike kwanza. Pamba yangu haina haraka." Wengine hawakuwa na upole huo. Walinong'ona kwamba mama wa mzani siku hizi anakunywa.

Nilikuwa nakula kumshinda mume wangu na bado sketi zilikuwa zinanivuka. Watu walijifunika vitenge kwa baridi ya asubuhi, mimi natoka jasho. Moyo ulikwenda mbio hata nikiwa nimekaa kwenye kigoda nachambua mchele. Hospitali ya hapa walinishika shingo, wakaniambia nimeze mate, wakatazamana, wakaniandikia rufaa ya Mwanza. Huko ndiko daktari alipotueleza, mimi na mume wangu, kwamba tezi ya shingo, ile waiitayo thairoidi, inafanya kazi kupita kiasi. Alisema mwili wangu ni kama gari lililokanyagwa mafuta na mguu haujatolewa.

Nilifurahi. Ugonjwa ulikuwa na jina na vidonge vyake, na sikuwa mlevi.

Alipokuwa anaandika dawa, daktari aliinua kichwa. "Kuna kitu kimoja," alisema. "Dawa hii, kwa watu wachache sana, inaweza kushusha chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na magonjwa. Ukipata homa na koo likauma, acha kumeza, nenda hospitali siku hiyo hiyo wakupime damu. Usisubiri kesho."

Tulitoka pale tumesikia maneno mawili tofauti. Mume wangu alisikia "watu wachache sana." Mimi nilisikia "usisubiri kesho."

Sijui kama daktari yule amewahi kukaa ndani ya ghala la pamba. Mlango ukifunguliwa vumbi linasimama hewani kama moshi, nyuzi zinaingia puani, kwenye nyusi, kwenye chai. Kuanzia msimu unapofunguliwa mpaka unapofungwa, kila mtu pale anakohoa na koo linamkwaruza. Mimi mwenyewe nilikuwa nakohoa miaka yote, nakunywa maji ya ndimu, yanaisha. Sasa mkwaruzo wa kwanza ulipokuja, nilivua kanga niliyojifunga usoni, nikamwachia mwenzangu mzani, nikapanda bodaboda mpaka hospitali.

Damu ilikuwa nzuri. Kijana wa maabara alinionyesha karatasi akitabasamu, nami nilirudi kazini nimekuwa mwepesi. Wepesi ule ulidumu mpaka nilipoamka kesho yake nikameza mate. Je, hili si koo lilelile? Na ile damu ni ya jana. Chembe zinaweza kushuka leo.

Nilirudi. Nikarudi tena. Nilianza kubadilisha zahanati ili nisionekane na watu walewale, nikawa najieleza upya kila mahali, na kila mahali damu yangu ilikuwa nzuri. Nyumbani nilisimama mbele ya kioo nimefungua mdomo, tochi ya simu mkononi, natafuta weupe kwenye koo. Nilishika shingo mara nyingi hata ngozi ikaanza kuuma, kisha nikaogopa yale maumivu niliyoyatengeneza mwenyewe. Kanisani nilikuwa naimba sauti ya kwanza. Baada ya kila wimbo koo lilikuwa kavu, kama la kila mwimbaji, nami nikawa sisikii mahubiri yote yaliyofuata. Nikaacha kwaya. Niliwaambia wenzangu nina kazi nyingi.

Mwanzoni mume wangu alikuwa mvumilivu. Ni mkulima, mtu wa maneno machache. Nikimwita aniangalie koo anaacha jembe au anaacha chakula, anakuja, anashika tochi, ananiambia, "Jekundu kidogo tu. Kama langu." Kisha anafungua mdomo wake ili nilinganishe. Siku nyingine tulisimama uani, watu wazima wawili, tunaangaliana makoo juani, na watoto wetu wakadhani ni mchezo.

Halafu alichoka. Siku moja alirudi kutoka shambani akanikuta nimekaa kwenye kizingiti, sijapika, simu mkononi. Nilikuwa nimesoma habari ya mwanamke wa nchi nyingine aliyekufa kwa dawa kama yangu. Nilitaka kumsomea.

"Sitaki kusikia," alisema.

"Alianza na koo tu."

"Umepima damu juzi."

"Juzi si leo."

Alikaa chini, akavua ndala, akazigonganisha kutoa udongo. "Mama watoto," alisema taratibu, "kila daktari amekwambia ni hofu. Mimi nimekwambia. Paroko amekwambia. Tukwambie nani tena ndipo uamini?"

Nilikuwa najua ni hofu. Watu wanafikiri ukijua, inaondoka. Mimi nilijua kama ninavyojua jina langu, na bado ndani kulikuwa na sauti inayosema: na kama safari hii ni kweli?

Msimu ulipofungwa nilikwenda kwa mama yangu Ipililo, upande wa Maswa. Mume wangu ndiye aliyeshauri. Alidhani mbali na vumbi nitapumua. Mama ni mjane, analima mwenyewe, na nyumbani kwake tunasema Kisukuma tu, lugha ambayo sikuwahi kuugulia. Sikuwa na neno la Kisukuma la chembe nyeupe. Nilipojaribu kumweleza, nilimwambia dawa inayonitibu inaweza kuniua.

"Basi kwa nini unaimeza, ng'wanone?" aliuliza. Mwanangu.

Hakuwa ananishauri niache. Aliuliza tu, kama mtu asiyeelewa. Lakini swali lile lilikaa kwangu. Baada ya siku chache nilimpigia mume wangu nikamwambia nimeacha vidonge.

"Nani amekuruhusu?" aliuliza.

"Sina mtetemeko tena. Nimenenepa. Tezi imetulia. Kinachoniua sasa ni dawa."

"Rudi meza dawa."

"Njoo uzimeze wewe."

Alikata.

Nitasema ukweli: wiki zile za kwanza zilikuwa tamu. Nilikohoa bila kuogopa. Nilimeza mate bila kusikiliza. Niliimba na mama tukibangua karanga, nyimbo za zamani za kulimia, na koo likakauka na sikujali. Nilidhani nimepona vitu viwili kwa mpigo.

Mvua za kwanza zikanyesha, tukaanza kupanda mahindi. Hapo moyo ulianza tena kwenda mbio. Nilikuwa nachimba shimo moja, nasimama. Jasho lilinitoka, magoti yalilegea nikiinuka kutoka kwenye kigoda. Usingizi ulikata. Na mimi, mwanamke niliyekimbilia maabara kwa mkwaruzo wa vumbi, safari hii nilijifunga kibwebwe nikajisema: Hii ni ile hofu yako. Wote wamekwambia. Usiisikilize.

Niliipuuza kwa bidii. Mama alisema macho yangu yamekuwa makubwa. Nilimjibu ni uchovu. Alisema mikono yangu inatetemeka nikidondosha mbegu shimoni. Nilimjibu, "Mayu, mimi ni mwoga tu. Hivi ndivyo waoga wanavyokuwa." Hata nilijivuna kwamba kwa mara ya kwanza nilikuwa namshinda adui. Ndivyo nilivyoamini.

Nilianguka shambani, mchana, kati ya mistari ya mahindi. Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka udongo uliolowa kwenye shavu langu, na moyo usiokwenda mbio tu bali unaoruka ovyo, unapiga, unakosa, unapiga mara nyingi pamoja, kama kuku aliyefungwa ndani ya kapu. Mama alikuwa anapiga yowe kuita majirani. Waliniweka kwenye mkokoteni wa ng'ombe mpaka barabarani, mama akinishikilia kichwa kisigonge mbao, akirudia rudia kwa Kisukuma kwamba nisilale.

Hospitalini Maswa walinipa oksijeni na dawa ya kutuliza moyo, na mume wangu alipofika kutoka Bariadi daktari wa zamu, mwanamke mtu mzima mwenye sauti nzito, alituambia wazi. Tezi ilikuwa imerudi na nguvu zote, na imeuvuruga moyo. Ningechelewa zaidi asingejua la kutuambia.

"Ulikuwa hujisikii?" aliniuliza. "Dalili hizi hazijifichi."

"Nilijisikia," nilisema. "Nilifikiri ni hofu."

Nilimweleza yote: ghala, koo, zahanati, mume wangu na tochi. Hakunicheka, wala hakusema nina mawazo mengi. Nikamuuliza swali ambalo nilikuwa sijawahi kumuuliza mtu, kwa sababu nilikuwa sijalijua bado. "Hofu inakimbiza moyo. Tezi inakimbiza moyo. Hofu inatetemesha mikono, tezi pia. Zote zinatoa jasho, zote zinakata usingizi. Nitajuaje ni ipi?"

Alifikiri. Nilimwona anafikiri kweli.

"Hutajua," alisema. "Hata mimi nikikushika mkono sijui. Damu ndiyo inayojua."

Nililia mbele ya mama na mbele ya mume wangu. Mpaka siku hiyo nilikuwa na tumaini kwamba kuna siku nitajifunza kuusoma mwili wangu kama mwanamke mwingine yeyote, anayeumwa akasema naumwa, asiyeumwa akaenda kisimani. Mama alidhani daktari ameniambia nitakufa, akaanza kulia na yeye, na ikabidi mume wangu amweleze kwa Kisukuma, bila maneno ya kutosha.

Daktari alitupa utaratibu. Nirudi kwenye vidonge. Homoni za tezi zipimwe kliniki Mwanza kwa tarehe watakayopanga, si kila ninaposhtuka. Koo likiuma, nipime joto kwanza. Kama kuna homa, hospitali siku hiyo hiyo, mtu asinizuie. Kama hakuna homa, nikae nisubiri, ninywe maji, niendelee na kazi. Tulinunua kipimajoto. Ndani ya muda mfupi nilikuwa nakiweka kwapani kila niketipo, mpaka mume wangu akakichukua. Sasa anakaa nacho yeye, kwenye mfuko wa shati, hata akienda shambani. Nikikihitaji nakwenda kumwomba. Kuna siku nimetembea mpaka kwenye shamba la mpunga, nimelia njiani, nimefika nimepimwa nimesimama kwenye tope, sina homa, nimerudi.

Asubuhi nameza kidonge akiniangalia. Saa inayofuata ndiyo ngumu kuliko zote. Nafua, nafagia, napiga deki mahali palipokwisha pigwa deki. Ghalani sijarudi. Mzani wanao wengine.

Mwezi uliopita tulikwenda kliniki Mwanza. Wiki mbili kabla yake moyo ulikuwa umeanza tena kukimbia, na kwa wiki mbili nilikuwa nimejiambia sijui, sijui, tusubiri damu. Tulikaa kwenye benchi na wagonjwa wengine wenye makovu na uvimbe shingoni. Tulipoitwa, daktari alisoma majibu, akakunja uso. Homoni zilikuwa zimepanda tena. Alisema ataongeza dozi, na kwamba ikiendelea hivi itabidi tufikirie upasuaji.

Nikatabasamu. Sikuweza kujizuia. Nilihisi kitu kizito kimenishuka mabegani.

Mume wangu aliniona. Tulipanda basi, tukapita Nyashimo, naye anaangalia nje. Basi liliposimama Lamadi alishuka akanunua sato wa kukaanga, akanipa kipande kwenye karatasi, ndipo akauliza.

"Ulikuwa unafurahia nini kule ndani?"

Nilitafuta namna nzuri ya kusema, sikuipata. "Kwamba naumwa kweli," nilisema. "Kwamba moyo haukunidanganya."

Alitafuna taratibu, akatoa mwiba mdomoni. Wauza samaki walikuwa wanapita dirishani na mabeseni kichwani.

"Wewe ukiwa mzima unalia," alisema. "Ukiumwa unafurahi. Mimi nifurahi lini?"

Hakusema kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kuelekezwa. Nilimwambia sijui. Aliitikia kwa kichwa, akanipa kipande kingine, na basi likaondoka kuelekea Bariadi.