Sahani za Agnesi

Klementina alitembea kwa ncha za vidole, magoti yakigongana, kama mtu anayekanyaga mchanga wa moto. Watoto wa mtaa wake, Buzebazeba mjini Kigoma, walimwiga mpaka wakachoka. Watu wazima hawakumwiga, walimpisha njia tu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Vita ilipomkuta yeye na wenzake katika mji wa Baraka, ng'ambo ya ziwa, walijificha porini wakila mihogo michungu. Mihogo hiyo hutaka kulowekwa siku tatu ndipo sumu itoke. Lakini nani akae siku tatu mahali pamoja huku bunduki zikimfuata? Waliloweka usiku mmoja, wakala. Baada ya majuma kadhaa Klementina akaamka miguu imekakamaa. Alibebwa mgongoni hadi ufukweni, akavushwa kwa mashua hadi Kigoma.

Jirani yake Agnesi alimpokea vizuri, wakawa wanakula sinia moja. Kisha maneno yakazagaa kwamba miguu ile ni ya uchawi, tena huambukiza. Agnesi akaanza kumletea chakula kwenye sahani, na kila Klementina alipotaka kuirudisha aliambiwa, "Baki nayo tu, jirani." Jamani, sahani ya jirani hurudi na kitu ndani, hata ndizi moja. Anayekuambia ubaki nayo hataki kitu kitokacho mkononi mwako. Sahani za Agnesi zikarundikana kwa Klementina, naye akala peke yake.

Ndipo akajikokota hospitali. Daktari alimweleza taratibu: ubongo huiamuru miguu kwa kemikali iitwayo glutameti, na neva zina vipokezi vyake, mithili ya milango. Sumu ya mihogo, wataalamu wanadhani, huiacha milango hiyo wazi kupita kiasi, amri zikamiminika mpaka neva zinaharibika. Hata panya wa maabara waliopewa sumu hiyo walishindwa kutembea sawasawa.

"Haitapona, mama," alisema. "Lakini haiambukizi, wala si uchawi."

Klementina alishika hilo la mwisho tu. Alipitia soko la Kibirizi akanunua dagaa wabichi, akawakaanga, akajaza sahani moja ya Agnesi na kumpelekea.

"Daktari amesema ni mihogo, jirani. Haiambukizi."

"Kumbe," Agnesi alisema, akiipokea kwa mikono miwili. "Pole sana, dada."

Jioni hiyo Klementina alipika huku akiimba, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Baraka.

Asubuhi aliikuta sahani mlangoni pake. Ilikuwa imeoshwa, na ndani hamkuwa na kitu. Uani kwa Agnesi kuku walikuwa wakigombea dagaa.