Mkono Uliopiga Hendeli

Siku ile naikumbuka kwa jua lake, mwanangu. Jua la alasiri la kijiji cha Kitaya, ambalo hata kuku hulikimbia wakaingia uvunguni. Nilikuwa kijana, fundi wa redio mjini, pale Magomeni, nina kibanda changu, nina bisibisi zangu, na mdomo mrefu kuliko bisibisi zote. Ujana ni moshi, wazee wanasema, nami nilifuka kweli kweli.

Alinijia dada mmoja, jina lake Somoe. Akaniambia, "Kaka, gramafoni ya marehemu baba inaimba yenyewe. Kila alasiri. Mama yuko edani, anaisikiliza, na tangu ianze hagusi chakula. Anasema baba anamwita. Njoo uinyamazishe kabla sijazika wawili."

"Si ungeileta hapa?"

"Mama hataki itoke nyumbani."

Basi nikaenda naye hadi kwao Kitaya. Mjane aliye edani haonwi na mwanaume wa kando, unajua mwenyewe, kwa hiyo pazia lilishushwa. Yeye chumbani, mimi ukumbini na gramafoni mezani, juu yetu bati. Nikatoa shikamoo. Marahaba ikanijia dhaifu, utadhani imetoka kisimani.

Nikaikagua. Hendeli ilikuwa imechomolewa, imetundikwa ukutani. Sindano imekaa juu ya santuri. Waya hakuna, betri hakuna. Mashine hizi za zamani zinakwenda kwa springi: unapiga hendeli, springi inajikaza, halafu inajifungua polepole na kuizungusha santuri. Nikacheka moyoni. Isiyopigwa hendeli itaimba kwa nguvu gani?

Bati likaanza kulia kwa joto, ta, ta. Nikaona santuri inatikisika. Wallahi, mwanangu, sikuigusa! Ikajivuta, ikasimama, ikajivuta tena, na ikatoka sauti ya mwanaume, nzito, ya mtu anayesema usingizini: "Twee-nde." Kimya. "Twee-nde." Nywele zikanisimama. Nyuma ya pazia mama akaitikia kwa upole, "Nakuja, Baba Somoe." Somoe akajiziba mdomo kwa kanga.

Nilitaka kutimua mbio, nisikufiche. Aibu ndiyo iliyonishika miguu. Nikafungua kisanduku, nikachungulia, na nikaona kila kitu. Breki imelegea. Grisi imekauka, nikajua ndiyo imeishika springi ndani ya kikopo chake isijifungue. Bati likipata moto, grisi inalainika, springi inapumua kidogo, santuri inazunguka kivivu, ndiyo maana sauti ni nzito. Na santuri yenyewe ina mkwaruzo. Sindano ikifika pale inaruka nyuma, neno linabaki lile lile. Furaha niliyoipata! Nikapaza sauti, "Mama, kula chakula! Hakuna mzimu hapa. Ni grisi tu!" Nikashika plaizi niifyatue springi, nguvu iishe, nirudi zangu mjini.

"Ngoja," ikasema sauti ya nyuma ya pazia. "Hiyo nguvu inayoisukuma imetoka wapi?"

"Ya hendeli, mama. Mtu akipiga hendeli, nguvu ya mkono wake inakaa ndani ya springi."

"Na nani aliyeipiga mara ya mwisho?"

Nikamtazama Somoe. Akanong'ona, "Baba. Asubuhi ile ile aliyofariki. Hakuwahi kuumaliza wimbo. Hendeli niliitundika mimi, na hakuna aliyeigusa tena."

"Basi fundi," mama akasema, na sasa sauti ilikuwa kali, "uliomo humo ni mkono wa mume wangu. Unautupaje na hilo 'tu' lako? Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake."

Weee! Nikaweka plaizi chini, nikamuuliza kwa adabu anataka nifanye nini. Akasema, "Mwache amalize wimbo wake."

Nikatia mafuta ya cherehani, nikaivusha sindano kwenye mkwaruzo, nikaachia. Santuri ikazunguka sawasawa. Ile sauti ya kutisha ikapanda, ikawa ya kijana mchangamfu anamwita mpenzi wake dansini. Nyuma ya pazia nilimsikia mama akilia, akacheka, akalia tena. Wimbo ukaisha. Santuri ikazunguka kidogo zaidi, ikachoka, ikasimama.

"Haya, nenda salama, Baba Somoe," akasema. "Mimi bado. Somoe, uji upo?"

Somoe alikimbilia jikoni analia. Mimi nikataka kuacha kazi safi, nikafungua kikopo inamokaa springi ili nifute ile grisi. Nikakuta springi imekatika vipande viwili. Nikajiambia imekatika sasa hivi, hutokea. Lakini pale ilipokatika palikuwa na kutu, kutu nene ya miaka. Springi ya hivyo haishiki nguvu hata upige hendeli mpaka kesho. Nikafunika. Jibu nimelitafuta ujana wangu wote, sikulipata, na siku hizi silitafuti tena.

Ninalokuusia ni hili. Jana nilikaa kibandani kwako. Alikuja mama mmoja na simu iliyoingia maji, akakuomba ujaribu tena, nawe bila hata kuinua uso ukamjibu, "Ni simu tu, mama, nunua nyingine." Aliondoka ameikumbatia kifuani. Wewe hukuona, mimi niliona. Ufundi usome sana, mwanangu, na mzimu usiuogope kabla hujafungua kifuniko. Lakini kujua kilichoharibika si kujua kila kitu. Cha mtu kikiletwa mbele yako, muulize mwenyewe kimebeba nini, na hilo neno "tu" libane kwa meno. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Yule mama anakaa nyuma ya msikiti. Mfuate kabla hajakata tamaa, umuulize humo ndani mna sauti ya nani.

Mungu aitie wepesi mikono yako, ayafungue masikio yako, na akulinde na mdomo wako mwenyewe. Haya, inuka.