Herufi Zenye Pembe

Juzi, katika duka la uchapaji hapa Shinyanga, nilimkuta mzee mfugaji ameinua kwenye mwanga wa dirisha kadi ya mfano ya ndoa ya binti yake.

"Wino ulikwisha?" akamuuliza mpiga chapa. "Kila herufi upande mmoja nene, upande wa pili uzi! Mimi napiga chapa ng'ombe miaka yote, na chapa yangu haififii upande."

Mpiga chapa hakutetereka. "Mzee wangu, pembe ya ng'ombe ikoje? Si nene shinani, nyembamba nchani?"

Mzee akafuata mstari kwa ukucha, taratibu, toka unene hadi wembamba. Akacheka. "Kumbe zina pembe! Haya, piga zote."

Nikachungulia. Juu kabisa, kwa herufi kubwa: HALUSI. Ndivyo mzee alivyotamka, na ndivyo mpiga chapa, Msukuma mwenzake, alivyosikia. Nilitaka kuwaambia ni R, nikaitazama tena. Ile L ilisimama kwa madaha, mgongo mnene, mguu mwembamba umenyooshwa mbele, hata nikajiona mimi ndiye niliyekosea tangu shule.

Mzee akanialika palepale. Nitakwenda halusini.