Mkono wa Kapteni Ajit

Cheti cha mwalimu wa urubani hakiozi, ila kina tarehe, na cha Kavutha kilikuwa kinakwisha kesho. Asipofaulu mtihani wa leo, wanafunzi wake sita wangegawiwa walimu wengine, naye arudi darasani upya, miaka kumi na miwili ya kufundisha ikiwa si kitu.

Mtahini alikuwa Kapteni Ajit, mzee wa miaka sabini kasoro, ndiye aliyemfundisha Kavutha kuruka. Mtihani wenyewe ni kama mchezo wa kuigiza: mtahini hukaa kiti cha kushoto, akajifanya mwanafunzi, akakosea makusudi. Mwalimu hupimwa kwa jambo moja: atamwacha akosee mpaka wapi kabla ya kumpokonya usukani?

Juu ya Ngong, Ajit aliinua pua ya ndege hadi king'ora cha hatari kikalia.

"Kapteni, shusha pua kidogo, tafadhali."

"Tafadhali?" Ajit akafoka. "Mwanafunzi anataka kukuua, na wewe unambembeleza?"

Kavutha aliona aibu. Lakini kwao Makueni, mzee hapokonywi kitu mkononi. Heshima si utumwa, ndiyo. Anayesema hivyo hajaketi ubavuni mwa aliyemfundisha kazi.

Walipogeuka kurudi uwanja wa ndege wa Wilson, Ajit akasema, "Sawa, mtihani imeisha. Natua mwenyewe. Wewe pumzika."

Apumzike vipi? Walishaipita Dagoretti Corner, na ndege ilikuwa inashuka haraka kuliko inavyopaswa. Huenda ni mtego. Au si mtego, na akimpokonya atakuwa amemvunjia mzee heshima bure. Mabati ya paa za nyumba yalisogea hadi akaona nguo zilizoanikwa. Akamtazama Ajit: ametulia kabisa, hana habari. Hapo Kavutha akaogopa kweli.

"I have control," akasema, kama marubani wasemavyo wanapopokea ndege. Mkono wa mzee haukuachia usukani. Akaupiga, akaongeza nguvu ya injini, ndege ikapanda. Akazunguka, akatua.

Injini ilipozimwa, Ajit alitia saini cheti juu ya goti lake.

"Samahani kwa kukupiga, Kapteni. Mtego wa mwisho ulinitisha."

"Haikuwa mtego." Hakumtazama. "Hizo mabati sikuziona. Nitaambia ofisi ya leseni juu ya macho yangu, kesho kesho hivi."

Kavutha alikipokea cheti, akakishika bila kukisoma.

"Leo, Kapteni," akasema. "Twende, nitakusindikiza."