Mlinzi wa kiu ya migomba

Jua la Ngenge halina haya. Saa mbili asubuhi tayari linachoma shingo, na Alistidia Kokubanza ameinama chini ya mgomba, anaokota majani makavu yaliyoanguka na kuyatia kwenye kiroba. Anakopita, udongo unabaki uchi.

"Mama mkwe akiniona atasema nimerogwa," anasema, na kicheko kinamtoka. "Mhaya gani anakivua kibanja nguo?"

Ana haki ya kucheka. Huku Muleba mgomba hutandaziwa nyasi kila msimu, na kibanja, shamba la migomba la nyumbani, kikiachwa wazi ni aibu ya mwenye nyumba. Lakini mama huyu wa watoto wanne ni kibarua katika shamba la majaribio, na kazi yake ni kuhakikisha migomba hii inapata kiu kweli kweli.

Kiu anaijua. Ukame ulipopita kijijini kwao, hapa hapa Ngenge, katika mashina sitini ya kibanja chake yalibaki manne. Tangu hapo nyumba yake inakula ugali wa unga wa kununua.

"Watoto wanashiba, waitu, sikatai. Lakini mgeni akija, badala ya ndizi unampa ugali? Nilifika mahali pa kuomba wageni wasije."

Msimamizi wa shamba ni Josia Karugendo, mtaalamu wa mbegu, kijana mpole mwenye kofia isiyomtoka kichwani. Anaeleza kwamba kila mmea huzaliwa na maagizo yake ndani, yaitwayo jeni. Yako yanayouamuru ufunge mapema vitundu vya majani ili maji yasipotee, na yako yanayoisaidia mizizi kuzuia chumvi isipande juu, pale ardhi inapotoa utando mweupe, kama ilivyo kwenye baadhi ya mashamba ya bondeni.

"Ndizi zetu ni tamu ila zimedekezwa," anasema Josia. "Tumeziozesha kwa ndizi za mwituni. Sasa tunatafuta ni mtoto gani amerithi uvumilivu. Huwezi kumjua kama humnyimi maji."

Hapo ndipo Alistidia alipoteleza. Kiangazi kilichopita, mgomba mmoja wa pembeni ulianza kunyong'onyea. Alivumilia, akashindwa. Kila jioni aliumiminia maji yaliyobaki kwenye kidumu chake cha kunywa, na nyasi za kutunza unyevu akazifukia shinani pake, chini ya udongo, zisionekane.

"Niliuona kama mtoto wa jirani anayenyimwa chakula mbele yangu," anasema. "Sikukusudia ubaya."

Mgomba ukanawiri. Josia alipoukuta wa kijani katikati ya wenzake walionyauka, alimpigia simu mkubwa wake papo hapo, akishangilia. Wakaja wageni, wakaupiga picha. Ukachaguliwa kwenda kwa wakulima, na jina la Alistidia likawekwa miongoni mwa watakaopewa machipukizi ya kwanza.

Alikuwa na kila sababu ya kunyamaza. Kibarua chake kilikuwa hatarini, na machipukizi ndiyo aliyokuwa akiyaota. Usiku ule hakulala. Asubuhi alimfuata Josia, akafukua nyasi mbele ya macho yake.

"Nilimwambia, Bwana Josia, huu haukuvumilia. Huu ulilishwa."

Josia anakiri kwamba alikasirika sana, akaondoka bila kuaga. Kesho yake alirudi na uamuzi: mgomba ule ubaki, unyimwe maji kama wenzake, na mlinzi awe Alistidia yuleyule.

Kiangazi hiki majibu yamepatikana. Mgomba aliouhurumia ndio ulioanguka wa kwanza. Mwembamba uliosimama jirani yake, ambao hakuna aliyeuangalia, hukunja majani jua likiwa kali na kuyafungua jioni. Umebeba mkungu.

"Ningenyamaza, ningeupanda ule wa kuanguka kwenye kibanja changu mwenyewe," anasema, na safari hii hacheki. "Na kwenye vibanja vya wenzangu."

Josia anaonya kwamba mgomba mmoja hautoshi. Lazima machipukizi yake yajaribiwe kwingine, hata kwenye udongo wa chumvi. Alistidia ameomba machache yajaribiwe kwake, na ameshakubaliwa. Mashimo ameyachimba.

Lakini liko jaribio moja lisilofanyiwa shambani. Mkungu ukikomaa ataupeleka Hamugembe, mjini Bukoba, kwa mama mkwe wake Joviana, ambaye hajawahi kusifu ndizi isiyotoka kwao.

"Nitapika, nitamwekea, nitakaa kimya. Akiomba tena, tumepata ndizi." Anafunga kiroba cha majani. "Halafu nitamwalika Ngenge. Aje kama mgeni, nimpikie ndizi za kwangu."