Laini ya Mwalimu

Juzi nilirudi kijijini kwetu Kanja kwa harusi ya binamu yangu, nikaliona lile bomba la kando ya barabara, limeshika kutu, koki haizunguki. Nikacheka peke yangu. Bomba hilo, rafiki yangu, ndilo lililowatenganisha nyanya na babu kwa siku moja.

Enzi hizo kura za udiwani zilipigwa kwa mlolongo: unasimama nyuma ya picha ya mgombea wako, kijiji kizima kikikutazama. Watu wa juu ya kilima, wa majani chai, walikuwa na mgombea wao, na watu wa chini, wa kahawa, wao. Kila upande ulitaka maji kwake. Wa juu wakichimba mtaro, wa chini wanaufukia, na mabomba yalilala kwa chifu hadi yakaotewa na nyasi. Halafu akajitokeza mwalimu wetu mstaafu, aliyezaliwa juu akaoa chini. Yeye alitaka bomba likae mpakani. Walimcheka, wakambandika jina la Katikati.

Babu alikuwa mpiga debe wa watu wa juu, na sauti yake ilitikisa mabati. Nyanya yeye alikuwa na mgongo tu. Kila alfajiri nilimfuata mtoni, tukapanda kile kilima na mitungi, kamba zikitukata paji la uso, nami nikiwaza githeri ya moto, mahindi na maharagwe, iliyotungoja jikoni.

Siku ya kura, laini ya Mwalimu ilikuwa fupi hadi inatia huruma. Ghafla nyanya akachomoka kwenye laini ya babu, akakaza leso, akavuka uwanja.

"Mama, umepotea laini!" babu akapaza sauti.

"Sijapotea, mzee. Maji nabeba na mgongo yangu, si yako."

Uwanja mzima ulivunjika mbavu. Akina mama wakaanza kumfuata mmoja mmoja, wa juu na wa chini, na Mwalimu akashinda. Nilijivunia nyanya mpaka nikalia.

Alipoingia madarakani akaliweka bomba mpakani, na pande zote mbili zikamlalamikia kwamba bomba liko karibu na wale wengine. Naye akajibu, "Kama mnalalamika wote, basi nilipima sawa."

Maji yalipotoka, vigelegele vilisikika mpaka msituni. Babu akaja na debe lake, akasimama nyuma ya nyanya.

"Karibu laini ya Mwalimu," nyanya akamwambia. Babu alicheka mpaka debe likamponyoka.

Kwenye foleni hiyo ndipo shangazi yangu alipompata kijana wa chini. Mtoto wao ndiye aliyeoa juzi.

Siku hizi kila boma lina maji yake, na sitamani ile kamba hata kidogo. Ila nilipoishika koki ile, niligeuka, kwa mazoea tu, nione ni nani anayenifuata kwenye laini. Hapakuwa na mtu, na nikawakumbuka wote.