Bi Nusa na Unga wa Kuvu

Jina la Bi Nusa alipewa na majirani, na alilistahili. Kabla ya kununua maziwa alinusa, kabla ya kupokea zawadi alinusa, na siku mwanawe alipomleta mchumba nyumbani, alimkumbatia yule binti muda mrefu kidogo kuliko inavyopasa. Tusimlaumu sana. Alifua nguo za watu tangu ujanani, na dobi huona doa kwanza, nguo baadaye.

Mkwe alikuwa mtulivu, mwenye adabu, na hilo ndilo lililomtia Bi Nusa wasiwasi. Alifanya kazi ya muda katika kiwanda kinachofuga kuvu. Ndiyo, kuvu, ile inayoharibu mkate. Jioni moja alileta pakiti ya unga mweupe na kuiweka mezani.

"Mama, nisaidie kuujaribu kwenye zile aproni za hoteli. Tangi ulimotoka unga huu nimelisimamia mimi. Unga ukifaulu, wananiajiri moja kwa moja."

"Una nini ndani?"

"Una kimeng'enya cha kukata mafuta. Kuvu haina mdomo, mama. Inakitema nje, kinaisagia chakula huko huko, ndipo inanyonya. Sisi tunachuja kile ilichotema. Kuvu yenyewe haimo."

"Kwa hiyo nifulie mate."

Mkwe alicheka, akaviringisha kiganja kuonyesha. Kimeng'enya, alisema, ni kama uzi mrefu uliojikunja ukawa kidonge, na katikati kuna kishimo ambamo mafuta hukatwa vipande. Juu ya kishimo kuna kifuniko. Kwenye maji matupu kifuniko hujifunga. Kikigusa mafuta, hufunguka.

"Nani anakifungua?"

"Mafuta yenyewe."

"Mlango unaofunguliwa na mgeni," Bi Nusa akaguna. "Na mikono yangu je, haina mafuta?"

"Utavaa glovu. Ila maji yawe vuguvugu tu, mama. Ukiyachemsha, ule uzi unakunjuka, kishimo kinapotea, na kazi imekwisha."

Bi Nusa aliitikia, lakini moyoni alikuwa na lake. Kwa nini maji yasichemke? Kila kilicho safi alichokijua kilipita kwenye maji yanayotokota. Kitu kinachoogopa moto, aliwaza, kina siri. Na kwa nini mkwe asiujaribu kwenye nguo zake mwenyewe? Pengine alitaka nguo za hoteli zitoboke, mama mkwe akose wateja, akae kibarazani akilishwa kama kuku mgonjwa. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakusema bure.

Kesho yake alichemsha sufuria mpaka kifuniko kikacheza, akaumwagia ule unga maji hayo ili kuvu ife kabisa, kisha akaloweka aproni. Zilitoka na mafuta yale yale kifuani, na Bi Nusa akafurahi kama aliyemkamata mwizi.

"Unga wako haufui," alimwambia mkwe.

Mkwe alizigeuza zile aproni. "Maji yalikuwa vuguvugu, mama?"

"Vuguvugu. Kama ulivyosema."

Uongo huo ulimtoka kwa urahisi, wala haukumkosesha usingizi. Kilichomkosesha kilikuja siku chache baadaye, mkwe aliporudi kutoka kazini macho yamevimba.

"Wanalimwaga tangi kesho, na mimi naondoka nalo. Msimamizi alisema huenda mfuaji ndiye aliyekosea maji. Nikamwambia hapana. Mama mkwe wangu akisema vuguvugu, ni vuguvugu."

Bi Nusa aliona aibu. Maisha yake yote alikuwa akinusa watu, na hapa palikuwa na mtu aliyemwamini bila kunusa chochote. Aliketi.

"Mwanangu, niliyachemsha. Sikukuamini."

Alitarajia machozi, au hasira. Mkwe alimtazama tu, kwa jicho la pembeni ambalo Bi Nusa alilifahamu vizuri, maana lilikuwa lake.

"Nitajuaje kama si sasa ndipo unadanganya, mama, ili nisifukuzwe?"

Bi Nusa alileta karai na aproni moja chafu, akachanganya maji ya moto na ya baridi, akapima kwa kiwiko. "Vuguvugu," akasema. Mkwe akasogea, akaingiza mkono wake mwenyewe, akatulia nao humo, ndipo akamwaga unga uliobaki.

Aproni ilitakata. Mkwe aliipeleka kiwandani, tangi likaokoka, na kazi akapewa. Hadi leo, Bi Nusa akisema chumvi imeisha au mlango umefungwa, mkwe huitikia, "Ndiyo, mama," kwa adabu ile ile, kisha huinuka akaenda kuangalia.